Sauti ya Sharon Jones na Swali la Shangazi

Novemba ni mwezi wa marehemu. Hapa seminarini kila mmoja wetu huandika majina ya marehemu wake kwenye karatasi, karatasi zinawekwa katika kikapu mbele ya altare, na mwezi mzima tunawaombea katika Misa Takatifu. Mwaka huu, chini ya majina ya babu, bibi na wajomba, nimeongeza jina la mtu ambaye si wa ukoo wangu, hakuwa Mkatoliki, na sikuwahi kumwona. Ni Sharon Jones, mwimbaji wa muziki wa soul wa Marekani. Alifariki tarehe 18 Novemba 2016 akiwa na miaka 60. Albamu yake ya mwisho ya studio, Soul of a Woman, ilitoka tarehe 17 Novemba 2017, siku moja kabla ya kutimia mwaka tangu kifo chake.

Albamu hiyo nilipewa kwenye flashi na padre mmoja, mwalimu wetu, aliyewahi kusoma Marekani. Aliniambia tu, "Sikiliza mpaka wimbo wa mwisho, halafu rudi kwenye Phaedo yako." Ndugu msomaji, huenda unajiuliza frateri anatafuta nini katika nyimbo ambazo nyingi ni za mapenzi. Wenzangu wa bwenini wameniuliza hivyo hivyo. Makala hii ndiyo jibu langu kwao, na ni jibu pia kwa mtu mwingine aliyeniuliza swali gumu zaidi.

Sharon Jones alizaliwa mwaka 1956 huko Augusta, jimbo la Georgia, mji uleule alikokulia James Brown. Akiwa bado mtoto alihamia Brooklyn, New York, pamoja na familia yake. Kama ilivyo kwa waimbaji wengi wa soul, shule yake ya kwanza ilikuwa kanisa. Muziki huu ulizaliwa pale waimbaji wa injili wa makanisa ya Wamarekani weusi walipochukua namna yao ya kuimba, yaani kuitikiana, kupiga makofi, kuipandisha sauti mpaka ikaribie kupasuka, wakaitumia katika nyimbo za maisha ya kila siku. Sam Cooke alitoka katika kundi la injili. Aretha Franklin alikuwa binti wa mchungaji, na rekodi zake za kwanza ni za nyimbo za kanisani kwa baba yake. Hata jina la muziki wenyewe, soul, maana yake ni roho.

Kwa Sharon mlango wa studio ulichelewa sana kufunguka. Alisimulia mara nyingi jinsi mkubwa mmoja wa kampuni ya muziki alivyomkataa: ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno, na umri umempita. Akafanya kazi nyingine. Alikuwa askari magereza katika gereza la Rikers Island, kisha mlinzi wa magari ya kusafirishia fedha. Aliendelea kuimba kanisani na kwenye harusi. Katikati ya miaka ya 1990, studio moja ilihitaji waimbaji watatu wa kuitikia katika rekodi ya Lee Fields. Alifika yeye peke yake, akaimba sehemu zote tatu. Albamu yake ya kwanza akiwa na bendi ya Dap-Kings ilitoka mwaka 2002. Alikuwa na miaka 46.

Sisi tuliolelewa tangu seminari ndogo tumezoea kuhesabu miaka: kidato fulani, mwaka wa malezi, falsafa, teolojia, ushemasi, upadre. Nina miaka 25, na kuna siku nahisi tayari nimechelewa. Kusoma kwamba mwanamke huyu alipata jukwaa lake akiwa na umri wa mama yangu kumenitoa katika haraka hiyo. Hata hivyo si hilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2013 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Albamu iliyokuwa tayari ikaahirishwa mpaka Januari 2014, yeye akafanyiwa upasuaji mkubwa na kupewa dawa kali zilizong'oa nywele zote. Mwezi Februari 2014 alirudi jukwaani New York akiwa na kipara, bila kuvaa wigi, akacheza na kuimba. Mtengeneza filamu Barbara Kopple alimfuata katika kipindi hicho cha matibabu, na filamu ilipoonyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2015, Sharon alitumia nafasi hiyo kutangaza kwamba ugonjwa umerudi.

Albamu ya mwisho ilirekodiwa kati ya matibabu na safari za maonyesho. Siku yenye nguvu aliimba, siku isiyo na nguvu bendi ilisubiri. Studio yao ni nyumba ya kawaida katika mtaa wa Bushwick, Brooklyn, na walitumia mkanda wa kurekodia wenye njia nane tu. Anayejua kurekodi kwa kompyuta ataelewa maana yake. Kwenye kompyuta unaweza kukusanya vipande mia vya sauti, ukachagua silabi nzuri hapa na silabi nzuri pale. Kwenye njia nane hakuna pa kujificha. Wapigaji wanakaa chumba kimoja, wanasikilizana, na mwimbaji anaimba wimbo kama wimbo. Kwa hiyo unachokisikia ni pumzi ya mtu mgonjwa siku fulani, saa fulani, aliyekuwa na nguvu za kutosha kumaliza.

Nilipoanza kusikiliza nilitegemea kusikia kuaga. Sikusikia. Albamu ina nyimbo 11. Nusu ya kwanza ni ya kasi: ngoma na besi ziko mbele, tarumbeta na saksafoni zinajibu. Wimbo wa kufungulia unazungumzia amani ambayo lazima ifike. Mwingine unahusu umbea wa mtaani. Nusu ya pili inapunguza mwendo, fidla zinaingia, na humo kuna wimbo ambapo mwanamke mzima anamshauri binti asamehe. Mambo haya ni ya kawaida kabisa. Angeweza kuyaimba akiwa na miaka 30 na afya tele. Mtu anayejua kwamba siku zake zinahesabika anaingia studio, anaimba kuhusu umbea, na anauimba vizuri. Hilo ndilo lililonishangaza kuliko wimbo wowote wa kifo.

Sasa nije kwenye Phaedo. Waliopita mwaka wa kwanza wa falsafa wanakijua kitabu hiki. Plato anasimulia siku ya mwisho ya Socrates gerezani Athene, mwaka 399 K.K. Marafiki wanalia, na Socrates anajadiliana nao kama roho hufa pamoja na mwili. Kuna mahali anawazungumzia ndege wanaoitwa bata maji wakubwa. Watu husema ndege hao huimba sana wanapokaribia kufa kwa sababu ya huzuni. Socrates anakataa. Anasema watu wanawasingizia kwa sababu wao wenyewe wanaogopa kifo. Kwake, ndege hao huimba kwa furaha, kwa kuwa wanamwendea mungu wao.

Papo hapo Simmias, kijana mmoja kati ya waliokuwepo, anatoa pingamizi. Chukua kinubi, anasema. Kikiwa kimefungwa nyuzi vizuri, kinatoa ulinganifu wa sauti usioonekana kwa macho, mzuri, kama wa kimungu. Lakini kivunje kinubi, kata nyuzi: ulinganifu umekwenda wapi? Umekufa, tena kabla hata mbao hazijaoza. Je, roho si hivyohivyo? Huenda ni ulinganifu wa mwili tu, na mwili ukivunjika roho inazimika kwanza.

Socrates anajibu kwamba ulinganifu wa kinubi hauwezi kuzipinga nyuzi zake, bali huzifuata. Roho kwa upande mwingine huupinga mwili kila siku: mwili una kiu na roho inasema usinywe. Kwa hiyo roho si ulinganifu wa mwili. Darasani hoja hii niliikubali, nikaiandika kwenye daftari, nikapata alama. Lakini pingamizi la Simmias lilibaki linanikwaza, na sikujua kwa nini, mpaka niliporudi nyumbani likizo ya Juni.

Shangazi yangu ndiye aliyenilea tangu darasa la tatu. Anaishi Mbinga, analima kahawa, na kwa zaidi ya miaka 30 ameimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango chetu. Mwaka juzi aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Alipanda basi kutoka Songea mpaka Dar es Salaam kwa ajili ya mionzi, akakaa majuma mengi kwa ndugu, akarudi amekonda, gauni zote zinampwaya. Mwaka huu ugonjwa umerudi. Daktari alimweleza yeye mwenyewe, naye akatueleza sisi, hakupunguza neno.

Kwaya hajaiacha. Wenzake wanasimama, yeye ana kiti mwishoni mwa safu ya pili. Mstari mmoja anaimba, mstari mmoja anapumzika, na anapopumzika kidole chake kinaendelea kupiga mdundo kwenye goti. Baadhi ya ndugu hawapendi. Wanasema mgonjwa akae nyumbani, watu wasije wakadhani hatumtunzi. Yeye anawajibu kwamba nyumbani hakuna sauti ya kwanza wala ya tatu, sasa ya pili atamwimbia nani?

Jioni moja tulikuwa tunachambua maharage barazani. Akaniuliza:

"Frateri, hebu nieleze mimi mtu wa jembe. Roho yangu haifi, hilo nalijua tangu mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Na sauti yangu je? Inakwenda na roho, au inabaki udongoni na mwili?"

Nikamwambia, "Shangazi, hilo swali ni kubwa. Nipe muda nikalifikirie."

Akacheka. "Muda ndio sina mwingi, baba."

Usiku ule nilitambua kwamba shangazi, ambaye hajawahi kusikia jina la Plato, ameuliza swali la Simmias kwa namna bora kuliko Simmias. Yeye hana shaka na roho. Shaka yake iko kwenye kinubi. Anauliza kama kile alichokipenda na kukitunza miaka 30, kilichoko katika koo lake, mapafu yake na masikio yake, kina thamani yoyote mbele ya Mungu, au ni chombo cha kutupwa. Na jibu la Socrates halimsaidii. Ukimwambia mgonjwa kwamba roho yake iko salama kwa sababu inaupinga mwili, umemwambia pia kwamba mwili wake ni adui. Lakini shangazi anapoimba haupingi mwili wake. Anaubembeleza, anaupa pumziko la mstari mmoja, na unamwitika.

Niliposikiliza tena albamu ya Sharon Jones nikiwa na swali hilo, nilisikia jambo lilelile. Ni rahisi kusema kwamba roho yake iliushinda mwili, na wengi wamesema hivyo. Lakini sauti ile ni mwili pia. Ni mbavu zinazopanuka, ni ulimi, ni jasho, ni miaka 60 ya koo moja. Roho isiyo na koo isingeweza kurekodi hata sekunde moja ya mkanda ule.

Hapa ndipo Mtakatifu Thoma wa Akwino alipokuja kunisaidia. Thoma anakubaliana na Socrates kwamba roho ya mtu haifi pamoja na mwili. Lakini hakubali kwamba roho imo mwilini kama mfungwa gerezani au nahodha ndani ya chombo. Kwa kumfuata Aristotle anafundisha kwamba roho ndiyo umbo la mwili, ndiyo inayoufanya uwe mwili hai wa mtu huyu na si wa mwingine. Na katika maelezo yake juu ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorinto, sura ya 15, anafika mbali zaidi: roho yangu peke yake si mimi. Ikiokolewa roho tu, bado mtu mzima hajaokolewa. Ndiyo maana tumaini la Mkristo halikuishia kwenye roho kutokufa. Kila tunaposali Kanuni ya Imani tunakiri ufufuko wa miili.

Lugha yetu nayo inalijua hili. Mtu akimshika mwenzake kooni tunasema amemkaba roho. Mzee wa pwani aliyelitamka neno hilo mara ya kwanza hakuwa anasoma falsafa, lakini aliiweka roho pale pumzi inapopita na sauti inapotoka. Neno la Kiebrania nefesh, ambalo katika Agano la Kale tunalisoma kama nafsi au roho, nalo lina maana ya koo. Basi muziki uitwao roho, unaoimbwa kwa koo, haukukosea jina.

Nahitaji kusema jambo moja ili nisieleweke vibaya. Mkanda wa kurekodia si ufufuko. Watu husema msanii hafi kwa sababu nyimbo zake zinabaki, na kwa namna ya kusema ni sawa. Lakini mkanda hauna pumzi mpya. Hauwezi kuimba wimbo wa kumi na mbili. Shangazi hana hata mkanda, ana rekodi mbili tatu za simu zenye kelele za watoto. Kama kubaki kwa sauti kungetegemea studio, basi wengi wa waliotuimbia katika maisha yetu wangekuwa wamepotea. Tumaini letu halikai kwenye chombo chochote cha kuhifadhia. Linakaa kwa Mungu, anayelijua kila koo alilolifinyanga.

Nilimwambia msomaji kwamba mwalimu wangu aliniagiza nisikilize mpaka wimbo wa mwisho. Wimbo huo unaitwa Call on God, na ni wa injili. Sharon aliutunga miaka ya 1970, akiwa msichana, kwa ajili ya kwaya ya kanisa lake Brooklyn. Sauti yake katika rekodi hii ilichukuliwa miaka kadhaa kabla ya kifo chake na kuwekwa akiba. Baada ya kifo chake, waimbaji wa kanisa aliloimba nalo kwa miaka mingi waliingia studio, wakasikiliza sauti ya mwenzao kwenye mkanda, wakamwitikia. Hivyo albamu ya mwisho inafungwa na wimbo wa ujana, na anayeongoza ni marehemu, na wanaoitikia ni walio hai.

Na mwisho wake wenyewe ulifanana na wimbo huo. Usiku wa tarehe 8 Novemba 2016, akiangalia matokeo ya uchaguzi wa Marekani, alipatwa na kiharusi, na kesho yake kingine. Hakuweza tena kuzungumza. Lakini kitandani alianza kughuna tuni za kanisani. Wanabendi wakaja na magita, wakaketi kando yake, akaimba nao. Maneno ya mazungumzo yalikuwa yameondoka, ya wimbo yakabaki.

Siku ya mwisho ya likizo nilimwekea shangazi wimbo ule kwenye simu. Kiingereza hajui. Alisikiliza akiwa amefumba macho, kidole kikipiga gotini. Ulipoisha akauliza, "Hawa wanaoitikia, walikuwa naye?"

"Hapana, shangazi. Waliimba baada ya yeye kufariki."

Alinyamaza, akaniambia niurudie. Uliporudiwa akasema, "Basi hawakuiziba nafasi yake."

Nimeufikiria usemi huo tangu Juni. Mtu wa kwaya anajua nafasi ni nini. Sauti ya pili haisikiki sana ikiwepo, lakini ikikosekana wimbo wote unapwaya. Wale waimbaji wa Brooklyn wangeweza kumpa mtu mwingine aongoze. Hawakufanya hivyo. Waliingia kwenye sauti zao, kila mmoja mahali pake, na mahali pa Sharon wakamwachia Sharon. Kanisa tunaloliita ushirika wa watakatifu linafanya hivyo hivyo mwezi huu, sisi tukiwa upande huu tunaitikia, na marehemu wetu wako upande ule, kila mmoja na jina lake na sauti yake, hakuna aliyezibiwa nafasi.

Mwenyekiti wa kwaya alinipigia juzi. Shangazi sasa anakosa mazoezi mengi, lakini kiti chake kinatolewa kila Jumamosi na kuwekwa mwishoni mwa safu ya pili. Namwomba Mungu nimkute Desemba. Nikimkuta, jibu lake ninalo, na nitalisema kwa maneno yanayomtosha: Shangazi, sauti yako si ya roho peke yake wala si ya udongo peke yake. Ni yako. Na Yule atakayekufufua atakufufua wewe.

Mpaka siku hiyo, ndugu msomaji, mkumbuke katika sala zako, pamoja na Sharon Jones na marehemu wetu wote.